Njia 96: Kukamilisha Gemu za Zamani za Kuruka kwenye Konsoli za Leo

Gemu ya majukwaa ni gemu ya kuruka. Mhusika anakimbia, mara nyingi kuelekea kulia, anavuka mashimo, anapanda matofali yanayoning'inia hewani, anamkwepa adui au anamkanyaga kichwani, hadi afike kwenye bendera, lango au mlango wa mwisho wa hatua. Mtoto asiyejua kusoma anaielewa kwa dakika moja. Wepesi huo ndio ulioifanya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 iuze nakala zaidi ya milioni 40, na ndio unaoifanya ichezwe hadi leo kwenye Nintendo Switch, konsoli iliyotoka miaka 32 baada yake. Wengi wanaoirudia sasa ni watu wazima. Waliicheza utotoni wakakwama dunia ya tatu au ya nne, kaseti ikapotea, mashine ikafa, na sasa wanarudi kumalizia kiporo.

Kazi hiyo ina ngazi mbili, na Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyozitenganisha vizuri: kumaliza na kukamilisha. Anayemaliza amemshinda adui wa mwisho na kuyaona majina ya watengenezaji yakipita kwenye skrini. Anayekamilisha hakubakiza kitu: kila hatua imepitwa, kila siri imefichuliwa, kila mlango umefunguliwa. Tofauti ya viwili hivyo inaonekana wazi kabisa katika Super Mario World, gemu iliyotoka Japani tarehe 21 Novemba 1990. Mchezaji anayezijua njia za mkato anaweza kumfikia Bowser, adui mkuu, kwa kupita njia za kutokea zisizofika 15. Gemu nzima ina njia 96. Aliyepita chache na aliyepita zote wanaona mwisho uleule, ila wa kwanza amepita nje ya sehemu kubwa ya nchi bila kuiona.

Asili ya gemu hizi ni mashine za sarafu. Mwaka 1981 Nintendo, kampuni ya Kyoto iliyoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata, ilitoa Donkey Kong, kazi ya kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto. Mhusika wake alikuwa seremala aliyepanda mihimili na ngazi huku akiruka mapipa yaliyorushwa na sokwe. Mwanzoni aliitwa Jumpman. Baadaye akapewa jina la Mario. Mwaka uliofuata David Crane wa Marekani akatoa Pitfall! kwa ajili ya Atari 2600, ambamo mchezaji alipewa dakika 20 kukusanya hazina 32 msituni, akiruka mashimo na mamba. Vipande vya aina hii ya gemu vilikuwa tayari vimepatikana. Miyamoto na mwenzake Takashi Tezuka walivikusanya katika Super Mario Bros., iliyotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, muziki wake ukitungwa na Koji Kondo.

Jambo walilolipata sawasawa kuliko wote waliowatangulia ni mruko wenyewe. Urefu wake unategemea muda ambao kidole kinakaa kwenye kitufe: ukigusa, Mario anaruka kidogo, ukishikilia, anakwenda juu. Kasi ya kukimbia nayo inaongeza urefu. Akiwa hewani bado anaweza kuvutwa mbele au nyuma, jambo ambalo mwili wa binadamu hauwezi lakini kidole kinaliona la kawaida baada ya dakika chache. Hatua ya kwanza inamfundisha mchezaji bila neno hata moja. Adui wa kwanza anakuja taratibu. Asiyeruka anakufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza, hajapoteza kitu. Tofali lenye alama ya kuuliza linatoa uyoga, uyoga unateremka, unagonga bomba na kumrudia mchezaji, hivyo karibu kila mtu anaupata hata kama anaukimbia. Huo ni ualimu wa hali ya juu, na haujachakaa.

Lakini gemu hii ilikuwa fupi. Hatua zake ni 32, yaani dunia 8 zenye hatua nne nne, na zote zilibanwa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo inazidi kiasi hicho mara nyingi. Wachoraji walilazimika kubana matumizi hadi wakatumia mchoro mmoja kwa vitu viwili: ukiupaka kijani ni kichaka, ukiupaka nyeupe ni wingu. Mtu aliyeizoea gemu, akipita njia za mkato za hatua ya pili ya dunia ya kwanza na ya pili ya dunia ya nne, anaimaliza kwa chini ya dakika 5. Tangu mwaka 2021 mabingwa wa mbio za kumaliza kwa haraka wameshuka chini ya dakika 4 na sekunde 55.

Iweje basi gemu ya dakika 5 iwashinde watu kwa miaka? Kwa sababu ya kurudishwa mwanzo. Mchezaji alipewa roho 3. Zikiisha, alianza upya kutoka hatua ya kwanza, na kaseti haikuwa na mahali pa kuhifadhi chochote. Kulikuwa na njia ya kuendelea kutoka mwanzo wa dunia aliyofia, kwa kushika kitufe cha A na kubonyeza cha kuanzia kwenye skrini ya mwanzo, lakini wengi hawakuijua. Desturi hii ilitoka kwenye mashine za sarafu, ambako mchezaji anayekufa haraka ndiye anayemlisha mwenye mashine. Gemu zilipohamia sebuleni, sarafu ilibaki nyuma, adhabu ikaja nazo. Ghosts 'n Goblins ya Capcom, ya mwaka huohuo wa 1985, ilikuwa kali zaidi: anayefika mwisho anarudishwa mwanzo, na ni lazima aipite gemu yote mara ya pili ili auone mwisho wa kweli.

Hoja hiyo ni ya msingi kwa yeyote anayetaka kujua konsoli za leo zimezifanyia nini gemu hizi. Ziko gemu ambazo urefu wake ulitokana na kurudia, na ziko ambazo urefu wake ulitokana na kutafuta. Chombo kimoja kinachowekwa juu ya zote mbili hakizigusi sawasawa.

Super Mario World ni ya kundi la pili, na katika kundi hilo ni vigumu kupata iliyo bora kuliko hiyo. Kaseti yake ilikuwa na betri ndogo ndani iliyohifadhi kumbukumbu, kwa hiyo mchezaji aliweza kuzima mashine na kurudi kesho yake. Ramani ni nchi moja kubwa, na hatua nyingi zina njia mbili za kutokea: lango la kawaida, na tundu la ufunguo lililofichwa, ambalo mchezaji analifungua kwa kubeba ufunguo uliowekwa mahali pengine. Njia ya pili ikipatikana, barabara mpya inajichora kwenye ramani. Mtu anaweza kudhani anaijua sehemu nzima ya mwanzo, kumbe ana barabara nne ambazo bado hazijachorwa.

Siri hizo hazikutupwa ovyo. Kila moja ina fununu kwa mwenye macho. Kwenye ramani, hatua yenye nukta nyekundu ina njia mbili, na yenye nukta ya njano ina moja. Pale njia ya kawaida ya msitu wa Forest of Illusion inapomzungusha mchezaji na kumrudisha alikotoka, anayeshikilia malango ya kawaida hatoki kamwe. Msitu wenyewe unamfundisha kwamba ni lazima atafute tundu. Katika Chocolate Island 2, vyumba vinavyofuata vinabadilika kulingana na idadi ya sarafu alizookota na muda uliobaki kwenye saa, hivyo watu wawili wanaweza kucheza hatua moja na kila mmoja asiyatambue maelezo ya mwenzake. Watoto wa miaka ya 1990 waliyajua mambo haya kwa kuambiana shuleni. Mtu mzima wa leo anaweza kuyapata yote mtandaoni kwa nusu dakika, na ni hasara akifanya hivyo kabla hajatafuta mwenyewe.

Ugumu halisi uko mwishoni. Nyuma ya barabara ya nyota kuna hatua tano, kila moja na siri yake, na anayezitegua anafunguliwa eneo linaloitwa Special, lenye hatua nane ambazo gemu haimlazimishi mtu kuzigusa. Hatua ya pili ya eneo hilo, Tubular, ndiyo inayowatoa watu jasho. Mario anameza puto, anavimba na kuelea juu ya shimo lisilo na mwisho, huku maadui waliovaa kofia za mpira wa Kimarekani wakimrushia mipira na maua yakimtemea moto kutoka chini. Puto linadumu sekunde chache. Asipolifikia la pili kwa wakati anaporomoka. Hapa hakuna siri ya kutafuta. Ni mkono tu. Anayezivuka zote nane anaziona sarafu za hatua ya mwisho zikiwa zimepangwa kuwa herufi za kumpongeza, kisha ramani inageuka rangi za majani makavu na kasa wanaanza kutembea wamevaa sura ya Mario usoni.

Gemu hii ina huruma yake yenyewe, na inafaa isemwe kabla ya kuzungumzia huruma ya mashine. Kuna unyoya unaompa Mario joho la kurukia, na mwenye kulimudu joho hilo anazipita hatua nyingi kwa juu. Kuna majumba manne ya swichi, ya njano, kijani, nyekundu na buluu. Kila moja likibonyezwa, matofali ya rangi yake yanajitokeza katika nchi nzima na kuziba mashimo. Kuna eneo la siri karibu na mwanzo, Top Secret Area, ambalo halina adui hata mmoja: mchezaji anakwenda pale, anachukua unyoya, anampanda dinosau wake Yoshi, anarudi vitani. Haya yote yalikuwemo mwaka 1990. Anayeyatumia hajadanganya, anaicheza gemu kama ilivyokusudiwa.

Sasa zije konsoli za leo. Ndani ya Nintendo Switch hakuna mashine ya mwaka 1990. Kuna programu inayoiga mashine hiyo, ikisoma nakala ya kilekile kilichokuwa kwenye kaseti na kutenda kama kichakataji cha zamani kingetenda. Huduma ya kulipia ya Nintendo Switch Online ilianza Septemba 2018 na gemu 20 za mashine ya NES, zikiwemo Super Mario Bros. na Ghosts 'n Goblins; Septemba 2019 zikaongezwa za Super Nintendo, mashine ya Super Mario World, na Oktoba 2021 za Nintendo 64. Kwa kuwa mashine nzima ni programu, hali yake yote kwa wakati wowote inaweza kunakiliwa: Mario yuko wapi, adui yuko wapi, saa imebaki na ngapi. Nakala hiyo ikihifadhiwa, mchezaji anarudi pale pale alipoiacha, hata akiwa katikati ya mruko. Nakala nyingi zikipigwa mfululizo, inapatikana huduma ya pili, ya kurudisha nyuma: Mario ametumbukia, mchezaji anabonyeza, na sekunde zinarudi kama mkanda wa video hadi ukingoni mwa shimo.

Vikiwekwa juu ya Super Mario Bros., vyombo hivi vinaitafuna gemu. Urefu wake ulikuwa kurudia, na kurudia kumeondolewa. Anayerudisha nyuma kila anapokosea atazivuka hatua 32 jioni moja, na akifika mwisho hatakuwa amejifunza kuruka. Dunia ya nane ya gemu hiyo iliandikwa kwa mtu ambaye mkono wake umepita dunia saba mara nyingi. Anayeifikia bila mkono huo anaburuzwa kipande kwa kipande, na hapo hakuna starehe wala ushindi. Kuhifadhi mwanzoni mwa kila dunia ni jambo jingine. Kunampa mtu mzima mwenye kazi na familia kile ambacho kaseti ilimnyima mtoto, yaani ruhusa ya kuzima na kurudi kesho, na kunaacha kila hatua na ukali wake.

Vikiwekwa juu ya Super Mario World, haviharibu kitu kikubwa. Kurudisha nyuma hakumwonyeshi mtu tundu la ufunguo liko wapi. Kunaweza hata kumsaidia mtafutaji, kwa sababu anajaribu kuruka mahali penye mashaka bila kuogopa kupoteza roho. Kaseti ya zamani ilimruhusu mchezaji kuhifadhi baada tu ya kupita kasri, ngome, nyumba ya mizimu au jumba la swichi, hivyo aliyetegua siri tatu kisha umeme ukakatika alizipoteza. Adhabu ya namna hiyo haikuwa sehemu ya gemu. Ilikuwa dosari ya zama zake, na kuondoka kwake hakuliliwi na yeyote aliyewahi kuipata. Tubular peke yake ndiyo inayobaki kuwa kipimo. Kuipita kwa kurudisha nyuma kila puto linapopasuka ni kuiruka.

Kuna kizuizi kingine ambacho wengi hawakijui, nacho kiko kwenye televisheni. Televisheni za chogo zilichora picha papo hapo ilipofika. Televisheni bapa za leo huipokea picha, huisafisha, huikuza, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inachukua muda. Gemu hizi zinachora picha 60 kwa sekunde, kila moja ikikaa milisekunde 16 na ushei. Televisheni ikichelewesha picha tano au sita, kidole kinabonyeza kulingana na ukingo ambao Mario ameshaupita. Mtu mzima anajilaumu kwamba uzee umemchosha vidole, kumbe anapambana na kioo. Dawa yake ni rahisi: karibu kila televisheni mpya ina mpangilio wa gemu kwenye orodha yake ya picha, unaozima usafishaji huo. Ubadilishwe kabla ya hatua ya kwanza.

Kasi nayo ina historia yake. Japani na Marekani zilitumia mfumo wa televisheni wa picha 60 kwa sekunde, na Ulaya mfumo wa PAL wa 50. Gemu nyingi hazikurekebishwa zilipovuka bahari, kwa hiyo zilikwenda polepole zaidi kwa karibu sehemu moja ya sita, na muziki wake ukavutika pamoja nazo. Sonic the Hedgehog, gemu iliyotangazwa kwa kasi, ilisikika na kuonekana Ulaya kama inayokimbia mchangani. Afrika Mashariki pia ilifuata PAL. Mashine nyingi zilizofika hapa miaka ya 1990 zilikuwa za kuiga zile za Nintendo, zenye kaseti zilizoandikwa kwamba zina maelfu ya gemu, ilhali gemu zenyewe zilikuwa chache na zilizobaki zilikuwa zilezile zikianzia hatua tofauti. Super Mario Bros. ilikuwemo mara nyingi. Aliyeijulia kwenye mashine ya picha 50 na sasa akaifungua kwenye konsoli ya leo, inayotumia picha 60, anaikuta ina haraka isiyo ya kawaida. Ndiyo kasi ambayo walioitengeneza waliikusudia, na mkono unahitaji siku chache kuizoea.

Njia nyingine ya kuzirudisha gemu hizi ni kuzijenga upya, na hapo mambo yanakuwa magumu zaidi. Crash Bandicoot, kazi ya Naughty Dog ya mwaka 1996 kwa PlayStation, ilijengwa upya na Vicarious Visions pamoja na mbili zilizoifuata, ikatolewa mwaka 2017 kwa PlayStation 4 kwa jina la N. Sane Trilogy. Picha zake ni nzuri sana. Mruko ukabadilika. Gemu zote tatu zilipewa msingi mmoja wa kuruka, na umbo lisiloonekana linalomzunguka mhusika likafanywa la duara chini, kama kidonge. Katika gemu ya kwanza, iliyojaa kingo nyembamba, Crash akatua na kuteleza pale ambapo mwaka 1996 angesimama. Wachezaji waliorudi wakijiamini walianguka kwenye madaraja ya kamba ya Road to Nowhere na The High Road mara nyingi kuliko walivyokumbuka, wakadhani kumbukumbu inawadanganya. Haikuwa ikiwadanganya, na watengenezaji wenyewe walikiri mabadiliko hayo.

Kwa upande wa kukamilisha, hata hivyo, ujenzi huo ulileta haki. Gemu ya mwaka 1996 ilimpa kito yule tu aliyevunja masanduku yote ya hatua bila kufa hata mara moja, na kuhifadhi kulitegemea kupita vyumba vya ziada vilivyotawanywa huku na huko. Toleo jipya linajihifadhi lenyewe, na sharti la kutokufa limebaki kwa vito vya rangi peke yake. Liliongeza pia Stormy Ascent, hatua iliyoachwa nje mwaka 1996 kwa kuwa ngumu mno. Anayetaka kulia, mlango upo. Asiyetaka halazimishwi kuufungua.

Sonic Origins ya Juni 2022 ilikwenda mbali zaidi. Katika mtindo wake mpya wa kucheza, roho zimeondolewa kabisa na badala yake mchezaji anapata sarafu za kulipia jaribio jingine kwenye hatua maalumu zenye vito. Hilo ni badiliko la busara. Katika Sonic ya mwaka 1991 asiyekusanya vito vyote 6 anamaliza gemu na kumkuta adui akivichezea vito alivyovikosa, na aliyekosa kimoja hana namna ila kutafuta nafasi nyingine za kuingia huko. Hasara ilikuja kwa upande wa pili: mwezi mmoja kabla, matoleo mengi ya zamani ya Sonic yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na baadhi ya nyimbo za Sonic ya tatu zikabadilishwa. Anayetaka kile alichokisikia utotoni hakipati humo.

Vipimo vya kukamilisha vimekuwa vingi tangu hapo. Donkey Kong Country ya mwaka 1994 ilihesabu hadi asilimia 101, na iliyoifuata mwaka 1995 hadi 102, kana kwamba watengenezaji walitaka kumwambia mchezaji kuwa bado kuna kitu alichokipita. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ina nyota 120, 70 zikitosha kumaliza. Anayezipata zote anafunguliwa mzinga unaompeleka juu ya paa la kasri, anamkuta Yoshi, anapewa roho 100 wakati ambapo hana tena pa kuzitumia. Xbox tangu mwaka 2005 na PlayStation tangu 2008 zilileta tuzo zinazoonekana na watu wengine. Nintendo haikufuata, na katika hili ilifanya vyema: nambari 96 iliyo kwenye Super Mario World inatosha, na anayeiona ni mwenye gemu peke yake.

Tatizo kubwa lililobaki ni kupatikana. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote rasmi. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, na yale ya Wii U na 3DS Machi 2023, na gemu nyingi za zamani zilizouzwa humo zikafungiwa nayo. Super Mario 3D All-Stars, mkusanyiko uliobeba Super Mario 64, iliuzwa kuanzia Septemba 2020 na kuondolewa sokoni tarehe 31 Machi 2021 kwa uamuzi wa kampuni yenyewe. Huduma ya kulipia kwa mwaka nayo ni ya kukodi. Siku mchezaji anapoacha kulipa, gemu zinafungwa, pamoja na kila kitu alichohifadhi ndani yake hadi atakapolipa tena. Kampuni zinazomiliki kazi hizi zinapaswa kuziuza moja moja, kwa bei ya kawaida, na kuziacha sokoni. Kitabu cha mwaka 1990 kinaweza kupatikana maktaba. Gemu ya mwaka 1990 isiyouzwa tena inategemea kaseti ya mtu iliyozeeka.

Msomaji anayetaka kuanza, na aanze na Super Mario World. Abadilishe kwanza mpangilio wa picha wa televisheni. Ahifadhi kila anapotaka kwenda kulala, na asirudishe nyuma hata mara moja. Azifuate nukta nyekundu bila kuuliza mtandao. Kazi itakwisha siku ambayo, kwenye orodha ya kuchagua kumbukumbu, jina la faili lake litakuwa na nambari 96 yenye nyota ubavuni.